Folda ya Rosemary

Jumamosi, 23 Novemba
Simu ya mke wangu Theodosia imefia kwenye beseni la vyombo. Aliiweka mfuko wa mbele, akainama, ikazama kwenye povu pamoja na vijiko. Tumeifukia kwenye mchele siku tatu kama majirani walivyotushauri, na leo nimekubali kwamba haifufuki. Picha zote zimekwenda nayo: za kwaya, za harusi ya kijana wetu Selestine, na zile ambazo binti yetu Rosemary alikuwa akimtumia kutoka Mbesa, huko Tunduru. Hizo za Rosemary sikuwahi kuonyeshwa, na sikuomba. Theodosia amelia kwa ajili ya hizo tu.

Jumatatu, 25 Novemba
Mawingu, basi. Mvua inatutania.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimefundisha fizikia miaka thelathini na nne, siwezi kushindwa na beseni. Nimekwenda mjini kwa Evaline, niliyemfundisha zamani, sasa ana watoto watatu na duka la kutengeneza kompyuta.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nataka seva ya nyumbani."

Hakucheka. Alitaka tu kujua kama najua ninachokitaka, nikamweleza: kompyuta isiyozimwa, inayokaa sebuleni kwangu Mshangano, hapa Songea, na watoto wangu popote walipo wanaweka picha na makaratasi yao humo kupitia mtandao. Nimechoka kuambiwa kila mwezi na kampuni za ng'ambo kwamba nafasi imejaa, wakati vitu vyenyewe ni vyangu. Evaline akasema, "Mwalimu, somo umelielewa." Akanitafutia kompyuta ya mezani kuukuu iliyotoka kwenye ofisi fulani, na diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nimerudi nayo kwenye bajaji nikiwa nimeipakata.

Jumapili, 1 Desemba
Majilio, na mvua ya kwanza. Padri alikatisha mahubiri maana bati lilimshinda sauti. Kesho mahindi.

Jumanne, 3 Desemba
Tumepanda. Mgongo unanikumbusha umri.

Jumamosi, 7 Desemba
Seva imewaka. Evaline ameshinda hapa toka asubuhi, amekula ugali kwa dagaa, amegombana na rauta na kuishinda. Sasa hata Selestine aliyeko Mwanza anaweza kuifikia. Nimekaa mbele yake nikitazama taa ndogo ya kijani inavyopepesa, nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kustaafu. Theodosia amesema inanguruma. Nimemwambia hata mimi nanguruma na amenivumilia.

Nimefungulia kila mtu folda yake: mimi, Theodosia, Selestine, Rosemary. Kisha nimeandika kwenye grupu la familia: "Kila mtu ana folda yake na neno lake la siri. Hakuna atakayefungua ya mwenzake, kuanzia mimi. Hilo ni neno la mwalimu." Selestine amejibu kwa dole gumba. Rosemary kasoma, hakujibu.

Ni bora niandike hapa, maana daftari halibishi. Miaka miwili iliyopita Rosemary alifunga ndoa bomani na Twaibu, Mwislamu, Myao wa Namasakata. Sikwenda. Nilimwambia kwa simu kwamba wajukuu zangu watapotea kwa watu nisiowajua, akanyamaza, akakata. Tangu hapo salamu zetu zinapita kwa mama yake. "Rosemary anakusalimia." "Nami namsalimia." Ndiyo mazungumzo yetu yote ya miaka miwili, na nimeyazoea vibaya.

Jumatatu, 9 Desemba
Kama msimamizi naona ukurasa wenye majina yetu na idadi ya vitu kwenye kila folda. Mimi 61, zote picha za mahindi. Selestine 340, sijui za nini. Theodosia 12. Rosemary 0.

Jumatano, 11 Desemba
Rosemary 0. Mvua nzuri.

Alhamisi, 12 Desemba
Rosemary 3.

Nimemwita Theodosia aje aone. Ameiangalia hiyo tatu, akaniangalia mimi, akarudi kuchambua mchicha akiwa anaimba.

Jumamosi, 14 Desemba
Rosemary 17. Siku hizi nikiamka, kabla ya kunawa uso, napita sebuleni. Evaline alinionya siku ile: "Mwalimu, ukitaka kuingia ndani ya folda za watu unaweza, wewe ndiye mwenye mashine. Lakini usiingie." Wala sina haja. Kumi na saba inanitosha. Inanionyesha kwamba yu mzima, ana chaji, na kwamba amekubali kuweka kitu chake chini ya paa langu.

Jumatatu, 16 Desemba
Rosemary 26. Palizi ya kwanza karibu.

Alhamisi, 19 Desemba
Mke wangu anafuma vitambaa. Kila kitu katika nyumba hii kimevikwa: makochi, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi una sketi. Leo nimerudi shamba nikakuta seva nayo imevikwa kitambaa cheupe chenye maua ya pinki, kirefu mpaka chini, kimefunika matundu yote ya hewa. Ilikuwa moto kiasi cha kukaangia mayai, na imezimika.

"Niliona aibu," Theodosia alisema. "Wageni wa jumuiya wanakuja kusali, na hilo bati liko uchi."

Sikuweza hata kukasirika. Wiki nzima alikuwa anafuma kwa ajili ya mashine yangu, na mimi nilidhani anafumia kanisa. Nimempigia Evaline. Amesema iache ipoe, iwashe, halafu hakikisha data ni nzima, na akanitajia amri ya kuandika ambayo inakagua zote bila kufungua hata moja. Niliiandika kwenye karatasi. Ninayo hapa.

Ijumaa, 20 Desemba
Sikuitumia ile amri.

Nilianza na folda yangu, mahindi yapo. Nikafungua ya Theodosia, kwaya ipo. Ya Selestine ni malori na mpira. Nikajiambia ukaguzi nusu si ukaguzi. Theodosia alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mvua inanyesha, na mimi nikafungua ya Rosemary.

Nilitazama picha tisa. Katika ya kwanza amesimama barazani na dera la bluu, amenenepa usoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Katika ya nne yuko na mwanamke mtu mzima mwenye ushungi, bila shaka mama mkwe wake, Bi Mwamvua, na mkono wa yule mama uko juu ya tumbo la binti yangu. Tumbo hilo si la kushiba. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza: itakuwa Machi. Katika ya saba Twaibu anaanika nguo. Madera ya mke wake, kwenye kamba, amebana vibanio mdomoni. Miaka miwili nimekuwa na picha yangu ya huyu kijana kichwani, na katika hiyo hajawahi kuanika nguo.

Nilifunga nikafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Nina furaha mpaka nahisi kuumwa, na sina wa kumwambia, kwa sababu sikutakiwa kujua.

Jumamosi, 21 Desemba
Nimenunua debe la ulezi sokoni, safi, umepepetwa. Nimeutia kwenye kiroba na kuushona mwenyewe, nikaupeleka stendi, basi la Tunduru, jina la Rosemary na namba yake ya simu juu kwa kalamu nene. Ndicho kitu cha kwanza nilichomtumia toka aolewe. Nimemwambia Theodosia ni zawadi ya Noeli.

"Ulezi?" aliuliza.

"Ulezi ni chakula," nikamjibu, nikatoka nje.

Jumatatu, 23 Desemba
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Rosemary alikuwa na 31. Saa nne nilipopita tena ilikuwa 0. Nilidhani ni joto, nikagusa mashine, baridi. Nilikuwa bado nimeinama pale Theodosia aliposimama mlangoni na simu mkononi, ile ya zamani aliyotumiwa na Selestine.

"Baba Selestine, nani amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Mwanaume wa hapa hamtumii mwanamke debe zima la ulezi kwa sababu ya Noeli. Ulezi ni uji wa mjamzito, kila mtu anajua. Umemwambia mtoto kwamba unajua, na umemwambia kwa kiroba."

Nikaketi. Yeye hakuketi. Ndipo nikajua yote. Theodosia alijua toka Agosti. Dada yangu Lidwina alijua. Walikuwa wamepanga, kama inavyotakiwa kwetu, kwamba shangazi mtu ndiye aje kwangu baada ya Noeli na kuku mkononi, akae kwenye kochi, aniambie kaka, binti yako amebeba mzigo na anataka kuja nyumbani. Nami ningeuliza maswali, ningejifanya mzito kidogo, kisha ningesema aje. Rosemary mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Alitaka aombewe njia kwa heshima, na mimi nimepita dirishani.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema, mwambie Baba aliahidi."

Akaenda jikoni. Kama angenigombeza ningejitetea. Ningesema mashine ni yangu, umeme ni wangu, mtoto ni wangu. Nilijaribu kujisemea hayo peke yangu na hayakusimama. Nilipokuwa nasimamia mitihani niliwafukuza wanafunzi kwa kuchungulia karatasi ya jirani, na hakuna hata mmoja niliyekubali aniambie alikuwa anakagua.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Kwaya imeimba vizuri. Rosemary 0.

Ijumaa, 27 Desemba
Nimekwenda kwa Evaline nikamwambia ukweli. Alifuta mikono kwa tambara.

"Nilikwambia, Mwalimu."

"Uliniambia."

"Basi tuifunge ili hata wewe usiweze." Amekuja na kuweka utaratibu mpya: kila folda ina ufunguo ambao anao mwenye folda peke yake. Mwenye mashine ataona idadi tu, ndani ataona herufi zilizovurugika. Nilijaribu mwenyewe kwenye folda ya Theodosia, nikaona takataka tupu. Nimeridhika. Evaline amekataa chai, kasema anawahi mvua, lakini nadhani alikuwa bado amenikasirikia kidogo, na ana haki.

Jumamosi, 28 Desemba
Ahadi niliitoa mbele ya familia yote, kwa hiyo sikuona haki kuomba msamaha pembeni. Nimeandika kwenye grupu, nimefuta, nimeandika tena tangu saa mbili mpaka saa sita mchana. Iliyokwenda ni hii:

"Mimi Kajetani nilifungua folda zenu tarehe 20 bila ruhusa, hata ya Rosemary. Niliona picha tisa. Nilikuwa na njia ya kukagua bila kufungua, nikaiacha kwa makusudi. Nimevunja neno langu. Rosemary, nisamehe. Na kwa lile la harusi pia nisamehe, hilo ndilo kubwa. Sasa folda zimefungwa hata kwangu."

Selestine aliandika "Duh", akafuta. Kisha akaandika, "Asante Baba." Theodosia aliisoma akiwa chumba cha pili, nikamsikia anapenga kamasi. Alipotoka aliniwekea nyama mbili zaidi kwenye sahani.

Rosemary kasoma.

Alhamisi, 2 Januari
0. Palizi.

Jumatatu, 6 Januari
0. Mvua toka alfajiri, matuta yamepasuka upande wa bondeni.

Jumamosi, 11 Januari
0. Radi kubwa mchana. Theodosia anaziogopa radi toka utoto, akavifunika vioo vyote kwa kanga na kuchomoa kila waya, seva ya kwanza. Zamani ningemwambia hiyo ya vioo ni imani tu, fizikia haisemi hivyo. Leo nimemshikia upande mmoja wa kanga. Tulikaa sebuleni gizani kidogo tukisikiliza, akaniambia kwamba Rosemary anakula vizuri, miguu imevimba lakini si sana, na kwamba Twaibu ndiye anayempikia uji. Uji gani, nikauliza. Akasema, "Wa ulezi. Ulitaka wautupe?"

Jumatatu, 20 Januari
0. Nimetia mbolea ya kukuzia. Mahindi yamenipita kiuno.

Jumamosi, 1 Februari
Lidwina alikuja. Alikuja na kuku kama kwamba hakuna kilichotokea, akaketi kwenye kochi lenye vitambaa, akakohoa. "Kaka, nimetumwa. Binti yako amebeba mzigo." Nilitaka kusema najua, nikajizuia. Nikauliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa, ni wa miezi mingapi, afya yake, nani anamtunza. Akanijibu moja moja. Mwishoni nikasema, "Mwambie njia iko wazi, yeye na mume wake." Sauti ilinikatika hapo kwenye mume wake, si kwa uchungu. Lidwina aliangalia pembeni ili nisione aibu. Kuku tumemla.

Jumapili, 9 Februari
Nilikuwa nimeacha kupita sebuleni asubuhi. Leo nimepita kutafuta miwani. Rosemary 1.

Ijumaa, 14 Februari
Rosemary 8. Sijui ni nini na sitaki kujua. Hapana, nataka kujua sana, lakini siwezi, na nimegundua nalala vizuri hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Majivu, Kwaresima imeanza. Twaibu na mama yake nao wameanza Ramadhani, kwa hiyo mwaka huu nyumba zote mbili tunashinda njaa pamoja. Nilimwambia Theodosia hivyo tukitoka kanisani. Akasema, "Basi mmeanza kufanana." Rosemary 22.

Jumatatu, 10 Machi
Theodosia ameondoka kwa basi kwenda Mbesa. Kabeba vitambaa vitatu alivyofuma, vidogo, vya njano. Amenikataza kupika maharage, anasema nitaunguza sufuria.

Jumanne, 11 Machi
Nimeunguza sufuria.

Ijumaa, 14 Machi
Msichana. Kilo tatu na robo. Mama mzima, mtoto mzima. Theodosia alipiga saa tisa mchana, analia na kucheka, na nyuma yake nilisikia vigelegele vya mwanamke mwingine ambaye bila shaka ni Bi Mwamvua. Nilikwenda shambani nikasimama katikati ya mahindi kwenye manyunyu, mwanaume wa miaka sitini na nne, nikasema asante Mungu kwa sauti. Jirani aliniitikia kutoka ng'ambo ya mfereji, alidhani namsalimia.

Jumatatu, 17 Machi
Kwenye mashine kumetokea ujumbe ambao sijawahi kuuona. "Rosemary amekushirikisha folda. Ruhusa: kutazama tu."

Nilinawa mikono kwanza, sijui kwa nini.

Picha kumi na moja. Mtoto amelala, mtoto amepiga miayo, mtoto yuko kifuani kwa Twaibu ambaye amefumba macho, Theodosia na Bi Mwamvua wanagombania kumshika. Ana paji la uso la ukoo wetu, masikini. Hii mashine ni yangu, iko kwenye meza yangu, nimeilisha umeme toka Desemba, na sijawahi kuwa na furaha kama leo niliporuhusiwa kutazama kilichomo.

Jumanne, 18 Machi
Nimezitazama tena. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi
Rosemary amenipigia simu mwenyewe, saa kumi jioni. Nilipoona jina lake nilisimama kama mkuu wa wilaya kaingia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo." Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na safari hii hakuna aliyekata. "Baba, unajua kwa nini niliweka zile picha kwako toka mwanzo?"

"Sijui."

"Nilitaka mtoto awe nyumbani kwetu hata kabla mimi sijarudi. Hata kama hakuna anayemwona. Nilitaka tu wewe uniulize, Baba. Usinichungulie. Uniulize."

"Sikukuuliza, mwanangu. Nilikosea."

"Nilisoma. Ile ya msamaha niliisoma mara nyingi." Nilisikia mtoto anaguna, na sauti ya mwanamke inamtuliza. "Sasa sikiliza. Leo ni siku ya saba, jioni watu wakifuturu wanamtaja jina. Tulidhani Twaibu atatoa. Mama mkwe kakataa. Anasema kwao Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo jina litoke Songea."

Nikaketi. Miaka miwili nilikuwa nalia kwamba wajukuu zangu watapotea kwa watu nisiowajua, na watu hao walikuwa wanamhesabu mtoto kuwa wa kwangu toka mwanzo. Ningewauliza wangeniambia.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Ndani ya ile folda niliyokushirikisha nimefungua nyingine ndogo. Sijaipa jina. Hiyo nimekupa ruhusa ya kubadilisha. Andika wewe, sisi hapa tumeifungua kwenye simu, tunaangalia wote."

Nilikwenda kwenye meza. Ilikuwapo, imeandikwa "Folda mpya". Nilifikiri kwa muda, ingawa nilikuwa najua tayari. Nikaandika jina la mama yangu: Notburga. Kwenye simu nikasikia kelele kule Mbesa, mtu anacheka, Bi Mwamvua anajaribu kulitamka, "Noti, Noti-buga," Theodosia anamsahihisha, anajaribu tena. Nikasikia Twaibu anamwambia mke wake kitu kwa sauti ya chini, na Rosemary anajibu, "Muulize mwenyewe."

Twaibu akaja kwenye simu. "Shikamoo Baba. Tunaomba ruhusa ya kuongeza moja."

"Ongezeni," nikasema.

Nikatazama kioo. Herufi zikatokea moja moja, polepole, za mtu asiyezoea kuandika kwa simu, zikafutika, zikaanza tena, mpaka zikakamilika: Notburga Mwamvua. Niliondoa mikono yangu kwenye kibodi, nikaiacha hivyo.